Jumapili Niliyobomoa Ngolo za Mama

Nakumbuka Jumapili moja ya Januari, mwanangu. Watu wote walikuwa misani, mimi niko shambani na jembe nabomoa ngolo za mama yangu. Bado nina hasira, kwa hiyo usitegemee nisimulie kwa upole.

Wewe umekulia mjini, huenda ngolo umeziona ukiwa ndani ya gari tu. Ni yale mashimo yaliyopangana mlimani, kingo zake zinashika maji yasishuke na udongo. Kwetu Umatengo mwanamume hufyeka na kulaza majani, mwanamke huchimba. Shamba lile mama alilichimba tangu alipoolewa, na chini yake palikuwa na ofisi ya kata.

Mwaka ule wakaja watu wa ardhi na mchoro wao. Shamba letu wakaliandika eneo la makazi, likatwe viwanja, wala hawakutuuliza. Nikasimama mkutanoni.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mtendaji wa kata. "Naomba kuuliza tu, mama yangu atalima wapi?"

"Mchoro umeshapita, kijana. Kaa chini."

Watu wakacheka. Walitudharau, na hata leo siwasafishi: ule ulikuwa ubabe wa watu wenye mhuri. Mzee Kapinga, jirani aliyekaa chini ya ofisi na kujua mipaka yetu yote, akanishika mkono, akasema twende baraza la ardhi, ushahidi atatoa yeye. Nikamjibu ovyo. Mimi nilitaka kuwakomoa.

Basi Jumapili ile nikakata kingo, mstari baada ya mstari, maji yapate njia ya kwenda ofisini. Nilijiona mjanja sana, mpumbavu mimi! Jumanne mvua ikapiga. Tope likajaa ofisini mpaka madirishani, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha likaendelea kushuka. Likazoa kitalu cha kahawa cha mzee Kapinga, miche yote, likabomoa na ukuta wa jiko lake.

Kingo zilizokatwa kwa jembe zilinisema, nikawekwa mahabusu. Mama aliniletea ugali, lakini salamu yangu hakuiitikia.

"Wao walitaka kuninyang'anya shamba," alisema. "Wewe umelimaliza."

Ofisi ilisafishwa kwa wiki moja, na mama mwenyewe alibeba tope pamoja na wengine. Wapimaji waliporudi wakakuta korongo, wakasema mlima ule haufai kujengwa, wakautoa kwenye mchoro. Tukarudishiwa shamba. Mwamba mtupu, mwanangu! Mahindi ya msimu uliofuata yaliishia magotini. Mama alikufa akilima shamba la kukodi kule Mkumbi, na hakuna mtendaji wa kumlaumu kwa hilo. Ni mimi.

Sasa nasikia kibanda chako cha ufundi kimepigwa X nyekundu ya kubomolewa, nawe umeapa kuwaonyesha. Kasirika, sikukatazi. Andika barua, tafuta mashahidi, nenda barazani, na wakikwambia ukae chini, baki umesimama. Ila kuharibu, usiharibu. Ukitaka kuwakomoa wao, kwanza tazama ni nani mwingine anaishi hapo karibu, maana atakayeumia ni huyo, nao watapaka rangi upya waendelee na kazi.

Mungu akupe ulimi usiochoka na mikono iliyotulia. Kibanda chako kisimame, na mama yako azeeke akila cha shamba lake mwenyewe.