Sanda Isiyopimwa

Mwanamke huyu, fundi cherehani wa sokoni Ruangwa, hupima kila kitu mara mbili. Hata mteja aliyemshonea kwa miaka kumi humsimamisha wima, pini mdomoni, na kumkaripia: "Nyooka, kaka, hupigwi picha!" Nikisubiri suruali yangu, nilimsimulia habari za bibi mmoja wa ukoo bora, kimada wa mfalme wa Ufaransa, aliyeishi ikulu mbele ya macho ya wote, hadi mfalme alipokuwa mahututi na bibi yule akaondolewa. Mguu wa fundi ulisimama kwenye pedeli.

"Hata kumzika hakuruhusiwa?"

"Hata kumzika."

"Angejua kushona," akasema, akaendelea.

Muda si mrefu akaingia Zuleha, mama mmoja wa kijiji cha Nandagala, macho yamevimba. "Fundi, shemeji yangu, mume wa dada, kafariki alfajiri. Dada kanituma sanda." Fundi aliinuka. Alishusha jora la bafta, akakata vipande vitatu virefu bila kusita, tepu ikining'inia shingoni mwake, haijaguswa. Zuleha alikuwa bado anapekua mkoba kutafuta kamba waliyompimia marehemu. Alipoipata aliilaza juu ya kitambaa. Urefu ulikuwa uleule, na ziada ya kufungia kichwani na miguuni.

"Shemeji nguo zake zote alishonesha Nachingwea," Zuleha alinong'ona. "Wewe ulimpima lini?"

Fundi aliikunja ile sanda taratibu, akaikumbatia kifuani, ndipo akampa.