Mashine Katika Shamba la Shemeji

Makandi alikuwa akichemsha chai ya wageni. Shemeji yake, Kaberia, alisimama mlangoni.

"Wakikuuliza kitu, wewe cheka tu," alimwambia. "Kucheka si unajua?"

"Najua, baba Mutegi."

"Na nyumba unayolala iko kwenye shamba la nani?"

"Lako."

"Basi tumeelewana."

Tangu mumewe azikwe, Makandi aliishi hapo Kiirua kwa hisani ya Kaberia, na hisani ya namna hiyo mtu hakosi kukumbushwa. Aliwalea watoto kwa kuokota chupa za plastiki katika jaa la taka nyuma ya soko, akiwauzia mawakala wa Makutano kwa bei waliyoitaka wao. Halafu shirika moja likakipa kikundi cha Makandi na akina mama waokotaji wenzake ruzuku ya kununua mashine ya kusaga plastiki. Viwanda vilinunua vizuri plastiki iliyosagwa. Wanawake wengine wakajiunga, jaa likaanza kupungua, na mbuzi wakaacha kufa na mifuko tumboni.

Lakini mashine ilitaka kufungwa kwenye saruji isitikisike, na hakuna mama hata mmoja aliyekuwa na shamba. Kaberia akasema, "Shemeji, uhangaike na mimi nipo?" Wakamimina saruji kwake. Desturi ya pale waliijua: kilichosimikwa ardhini ni cha mwenye ardhi. Walidhani hayo ni mambo ya nyumba na miti. Saruji ilipokauka, Kaberia akatia kufuli kwenye banda, na wenye mashine wakawa vibarua wake.

Leo shirika lilikuja kuona kama kikundi kinastahili mashine ya pili, ya kuoshea. Kaberia alikuwa amekwisha kuichimbia msingi.

Gitari, mtu wa shirika kutoka Embu, alikunywa chai akaisifu. Kaberia akamwonyesha msingi ule. "Ya pili itakaa hapa. Hawa akina mama nimewabeba sana."

"Ametubeba kama gunia la chupa," Gacheri, mwenzake Makandi, alinong'ona.

Gitari akamgeukia Makandi. "Mama, wewe ndiye mwenyekiti. Tuilete hapa?"

Makandi aliona akilini godoro lake limetupwa barabarani, watoto wamekaa juu yake. Akajaribu kucheka kama alivyoagizwa. Kicheko hakikuja.

"Usiilete," alisema kwa sauti ndogo. "Ikisimama hapa si yetu tena. Hata ile ya kwanza si yetu. Ufunguo anao yeye."

Gitari akaweka kikombe chini. Alisema shirika halitaleta kitu hapo, na mashine ya kwanza ihamishiwe uwanja wa soko leo hii, yeye akiwapo, la sivyo ruzuku imekwisha. Kaberia, asitake kuonekana mwizi mbele ya mgeni, akautoa ufunguo akitabasamu.

Wanawake wakaanza kuvunja saruji kwa zamu. Makandi aliposhika mtarimbo, Kaberia alimkaribia, akainama kama mtu anayesaidia.

"Ukimaliza hapo," alimwambia polepole, "endelea na jiko lako. Kesho nisikute hata jiwe lako kwenye shamba langu."

Makandi aliinua mtarimbo, ukaikosa saruji na kugonga udongo mtupu. Akauinua tena.