Jina Lake Lilimtangulia Chuoni

Saa mbili asubuhi, katika ghala moja la Mesquite, mashariki ya Dallas, Scholastique Nabintu anafunga katoni ya arobaini na moja tangu zamu ianze. Mfukoni mwa aproni ana kadi alizoandika mwenyewe: chembe nyekundu za damu, chembe nyeupe. Kazi ikitulia kidogo, anachungulia moja.

"Kichwa ya miaka makumi ine na tatu inasahau mbio," anasema akicheka.

Mzaliwa huyo wa Uvira, Kongo, aliingia Texas kama mkimbizi mwaka 2016. Januari 2024 alianza chuo, kusomea kazi ya maabara ya hospitali. Ada na vitabu vilimgharimu dola 3,100, kutoka mshahara wa dola 18 kwa saa. Aliposikia kuwa wanaosoma, hata watu wazima, hupata nafuu ya kodi ya hadi dola 2,500 kwa mwaka, aliomba.

Mei iliyofuata ikaja barua ya mamlaka ya kodi. Nafuu hiyo mtu hupewa mara nne tu maishani, na Scholastique, ilisema barua, amekwisha kuipata mara nne, akiwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha Houston.

Houston hakuwahi kukanyaga.

Aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari kwa muda wa saa nne hadi Houston. Karani wa chuo alitazama kitambulisho chake, akatabasamu. "Karibu, Scholastique. Tulikuwa tukijiuliza umepotelea wapi."

Akachapiwa rekodi zake: masomo ya mtandaoni, alama za juu. Katika somo la kwanza mwanafunzi alikuwa amejitambulisha: "Ninasoma ili binti yangu Kethia asinione nikinyanyua katoni hadi uzeeni."

"Ile maneno ni yangu," anasimulia. "Nilisema mbele ya mutu moja tu."

Mtu huyo ni Tharcisse, aliyemjazia fomu za kodi huko Arlington, karibu na Dallas, kwa miaka minne kabla hajaanza chuo, huku wakipiga soga kwa Kiswahili. Scholastique alipofika ofisini kwake, mlango ulikuwa wazi na meza haipo. Viti sita vya wateja vilikuwa vimepangwa kutazama ukuta mtupu.

Tharcisse hajaonekana hadi leo. Scholastique alitoa taarifa polisi na kutia saini hati ya kiapo. Chuo kilifuta rekodi, na Novemba mamlaka ya kodi ikakubali kwamba maombi yale manne hayakuwa yake. Alilipwa dola 2,275.

Jambo moja halimtoki. "Ule mwanamuke mwenye alisoma na jina yangu alipata mia ku somo ya damu. Miye napata makumi saba na ine. Vraiment, kweli kabisa, nani alikuwa anasoma?"

Anatarajia kuhitimu mwakani. Kwa sasa, siku zake za mapumziko anawasaidia waumini wenzake wa kanisani waliowahi kuketi mbele ya Tharcisse, familia thelathini na mbili. Wa kwanza alikuwa mzee Godefroid, miaka 68, asiyejua kusoma wala kuandika. Walipiga simu chuo kilekile, spika ya simu ikiwa wazi ili wote wasikie.

"Ndiyo, ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili," karani alijibu. "Naona yuko darasani sasa hivi."

Godefroid alitazama mikono yake. Scholastique akaishika, akampa kalamu.

"Baba," alimwambia, "tuanze na jina yako."