Nilikuwa najenga Singida huku mtoto anakulia Sydney kwenye nyumba za kupanga

Wakuu, habari za humu ndani. Leo nasimulia yangu mwenyewe, na chumvi sitaongeza.

Tuko Sydney: mimi, mke wangu Neema na binti yetu Zawadi. Tulipanga Merrylands, mwenye nyumba akauza, tukahamia Guildford. Huku ukichora ukuta wa watu, bond inaliwa, ile hela ya dhamana unayoweka unapoingia.

Kwa hiyo urefu wa Zawadi tulikuwa tunaupima kwenye ubao. Kila tukihama, ubao tunao.

Wakati huohuo Singida nasimamisha mjengo. Vyumba sita! Miaka yote hiyo Ulaya (kwetu ng'ambo yote ni Ulaya) halafu huna hata kibanda? Watu watasema.

Jumamosi starehe yetu ilikuwa kuzungukia nyumba zinazouzwa. Milango wazi, kuingia bure. Tunavaa vizuri, tunatembea polepole kama watu walio ndotoni. Neema anapanga vyombo hewani. Mimi nachagua dirisha la kunywea chai. Nje mijakaranda inamwaga maua. Raha tupu, kisha tunarudi kwenye nyumba ya watu.

Siku moja, Macquarie Fields, tukaingia nyumba ya zamani. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na alama za penseli za kupima urefu: watoto wa mwenye nyumba, halafu wajukuu. Zawadi akajisimamisha pale, akajipima kwa kiganja.

Wiki nzima nilikuwa naiona picha ile.

Nikampigia mama. Nilijua atauliza habari za bati la kuezekea mjengo.

"Mwanangu, mimi nalala chumba kimoja," akasema. "Hivyo vitano unamjengea nani? Jenga anapolala mtoto."

Nililia, wakuu.

Hela ya bati ikawa deposit, malipo ya mwanzo ya kununua nyumba huku. Ndugu wakaninunia, mjomba hadi leo hapokei simu. Benki nayo ilituzungusha kwenye mkopo. Wenzetu hapa wanadhaminiwa na nyumba za wazazi wao, sisi tudhaminiwe na nani? Ile nyumba yenye alama za penseli ikanunuliwa na wengine. Mwishowe tukapata nyingine mtaa wa pili, ndogo.

Siku ya kuhamia nikamsimamisha Zawadi ukutani, nikatoa penseli. Akanidaka mkono.

"Dad, no! We'll lose the bond!"

Bado aliogopa dhamana italiwa. Neema akageukia dirishani, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia.

Nilichojifunza: wengi wetu kila kizazi kinaanza na sifuri, na kidogo tulicho nacho tunakiweka mahali mtoto hatakanyaga. Mnaojenga kwa kuogopa midomo ya watu, karibuni mnitukane.

Mimi nilichora. Mstari umepinda kidogo, Zawadi alikuwa bado kanishika mkono.