Gertruda na Mstari Mmoja

Gertruda wa maabara ni mpole kwa kila kitu isipokuwa vipimo. Nimeandikisha wagonjwa jirani naye miaka minane, hapa zahanati ya Dunda, namjua.

Wakati wa korona alikuja Mahfoudh, mfanyabiashara wa vitambaa, katoka Dar na kikohozi. Kipimo cha haraka kikaonyesha mstari mmoja: hana.

"Alhamdulillahi," akasema. "Naenda kumbusu mama mkono."

"Huendi," Gertruda akamkata. "Kipimo hiki kikisema unao, mara nyingi unao kweli. Kikisema huna, na huku unakohoa hivyo, mimi sikiamini. Virusi vikiwa bado vichache hakivioni. Kaa peke yako, urudi keshokutwa."

Mahfoudh akafoka. Mganga mfawidhi akamnong'oneza Gertruda asitutie aibu. Hata mimi niliona anazidisha. Yeye akavua glavu taratibu. "Mama yake ana miaka tisini. Aibu nitaibeba mimi."

Mahfoudh akajifungia chumba cha nyuma ya duka, kanuna. Aliporudi keshokutwa yake mistari ilikuwa miwili, imekolea, haina ubishi. Mganga mfawidhi akajifanya anatafuta faili.

Siku Mahfoudh alipothibitika kapona, mama yake, Bibi Nawal, alimfuata hadi zahanati na mkongojo wake. Mwanawe akainama kuubusu mkono wake. Bibi akaurudisha nyuma.

"Ngoja kwanza. Yuko wapi huyo mwanamke asiyeamini kipimo chake?"

Tukamwonyesha.

"Shikamoo, bibi," akasema Gertruda.

"Marahaba, mwanangu." Akamnyooshea mkono, una hina mpya. "Anza wewe."