Chupa ya Majivu ya Jirani

Pauni thelathini na saba na peni ishirini. Nimehesabu mara mbili: basi la Edinburgh, kwenda na kurudi, thelathini na tano, chai kikombe kimoja, mbili na ishirini, na mwenye kibanda alikataa kupunguza. Hiyo ndiyo gharama ya kusugua sufuria mbili.

Zilikuwa za jirani yangu hapa Tottenham, bibi wa Montserrat, kisiwa cha Karibi ambacho bado ni cha Waingereza. Alikwenda kwa dada yake Birmingham, akaniachia funguo nimwagilie maua. Nikaazima na sufuria, maana Idi ilifika na pilau langu halienei kwenye vyombo vyangu. Likaungua chini.

Kwetu Unguja sufuria iliyoungua dawa yake majivu. Rafuni kwake nikaona chupa ya kahawa imejaa majivu laini. Nikafurahi: miaka yote London, leo nimepata mtu anayejua kuosha chombo! Nikasugua mpaka zikawa kioo. Sikuwa mwizi, nilibakisha vijiko viwili.

Binti yangu akashika kichwa. "Mama! Hayo ni majivu ya volkano. Aliyazoa barazani kwake siku waliyohamishwa. Nyumba imefukiwa yote. Hana kingine cha kwao."

"Mbona hakuandika juu ya chupa?"

"Nani anaandika, 'Usisugulie sufuria'?"

Nikauliza nauli ya ndege ya Montserrat. Nikauliza tena. Nikakaa kitako. Binti akasema hata Uingereza kwenyewe volkano zipo, ila zimekufa. Moja iko mjini Edinburgh. Nikaona iliyokufa itakuwa rahisi.

Juu ya mlima nikakuta majani, mbwa, na watu wanakula sandwichi. Nikamwuliza mlinzi majivu yako wapi.

"Umechelewa, mama. Kwa mamilioni ya miaka."

"Hata ya chini chini?"

"Yamekuwa mawe."

Nikaokota kokoto za njiani, mkoba mzima, nikaja kuzitwanga kwenye kinu cha kitunguu thomu siku mbili. Chupa ikajaa. Rangi ilikubali, harufu ilikataa. Vile vijiko viwili vya kweli sikuthubutu kuvichanganya. Nimevifunga kwenye karatasi.

Bibi akarudi jana. Chupa hakuitazama, alitazama sufuria.

"Hizi zangu kweli? Umesugulia nini, mwanamke wewe?"

"Dawa ya kwetu."

"Basi Jumamosi njoo nayo. Nina nyingine sita."

Akacheka, akanikumbatia, nami uso wangu ukaangalia rafuni.

Leo Alhamisi. Karatasi iko mkobani, na mlango wake uko hatua kumi na moja kutoka wangu. Nimezihesabu kwenda na kurudi. Nyinyi mliokaa na majirani, nishaurini: nikigonga, nitangulize karatasi au nitangulize kilio?