Maji Matamu ya Wifi

Waliokuja kunipa pole waliniuliza, "Unaendeleaje?" nami nikawajibu, "Nipo tu." Mume wangu ameshazikwa, mimi nimekaa eda ndani ya nyumba yetu hapa Nachingwea, na moyo umeingia ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Silii, sicheki. Wapo walionong'ona, mwanamke gani huyu, hata chozi! Wanong'one. Midomo ni yao.

Hatukujaliwa mtoto. Kitu chenye uhai alichoniachia ni tangi la kioo la samaki pale sebuleni. Alikuwa fundi simu, na hao samaki wake wa kutazama bila kula mtaa mzima uliwacheka. Yeye mwenyewe hakujali samaki sana, alijali mimea iliyomo ndani. Mmoja, wa majani mapana, aliuchomeka mchangani kwa vidole vyake wakati bado anaweza kuinama. Wifi yangu, dada yake, alikuja kutoka Ruangwa kukaa nami msibani. Alilitazama tangi akasema, "Huu mmea ukioza, tangi linatoka nje. Nyumba ya msiba hainuki uvundo." Nikasema haya. Lakini moyoni nilijua kwamba ukifa ule mmea, nimebaki na viti.

Maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, birika linaota magamba meupe ndani, chai yake unaikunjia uso. Kwa hiyo huku kwetu mtu ukimheshimu unampa maji ya mvua. Wifi ana tanki la mvua kwake Ruangwa, na kila gari la ndugu lililokuja lilishusha madumu. Tukanywa hayo, tukapikia hayo, na tangi nalo akalibadilishia hayo hayo. "Samaki wa kaka yangu hawatakunywa chumvi nikiwepo mimi," alisema. Alikuwa anamimina polepole, kwa kikombe. Nilimwacha.

Majani ya chini yakaanza kuwa manjano.

Wifi ni mkulima, mahindi na ufuta, na jani la chini likiwa manjano yeye anajua dawa yake. Akatia chembe za mbolea ya kukuzia. Chembe tu, alisema. Asubuhi samaki wawili walikuwa wanaelea tumbo juu. Niliwatoa kwa chujio la chai, nikawafukia nyuma ya choo, nikarudi kukaa. Sikusikia kitu. Wifi ndiye aliyelia, akaomba msamaha kwa samaki, kwa kaka yake, kwangu, mpaka nikachoka kumbembeleza.

Mtu wa eda hana pa kwenda, basi nikawa nalitazama tangi. Marehemu alinifundisha jambo moja, enzi hizo nikimsikiliza kwa nusu sikio: angalia ugonjwa umeanzia wapi. Ukianzia kwenye majani ya zamani, mmea una njaa, na unayanyang'anya yale ya zamani chakula chao kuyalisha machanga. Haya, njaa ya nini? Mahindi yakikosa mbolea, jani linageuka manjano lote. Hili langu lilikuwa manjano katikati ya mishipa tu, mishipa yenyewe bado kijani kabisa, kama nyavu. Si njaa ile ya mbolea. Nikajiuliza, tangu afe kimebadilika nini ndani ya hili tangi? Taa ni ile ile. Mchanga ule ule.

Jibu nililipata karaini nikifua kanga. Povu! Povu limejaa mpaka viwiko. Maji ya mvua hayana kitu ndani yake, ndiyo maana sabuni inayafurahia. Yale magamba ya birika, ule uchungu tunaoutukana kila siku, ndimo mlimo magnesiamu, madini ya ukijani wa majani, aliyokuwa akiitaja yule bwana, nami nikimwambia niache nipike. Kumbe yeye miaka yote tangi alilitilia maji ya kisima. Sisi tukaupa mmea wake maji ya heshima, tukaunyima chakula.

Nikamwambia wifi, "Nitekee ndoo moja ya kisimani, nilitilie tangi."

"Chumvi?" Aliweka mwiko chini. "Kaka yangu nimempa nini mimi zaidi ya hayo maji? Hospitali sikufika, nimemkuta ameshafunikwa. Hayo maji ndiyo niliyoweza. Leo unaniambia niyamwage niweke chumvi? Wee wifi, siwezi!"

Ningeweza kumtuma jirani. Lakini kumzunguka mtu ndani ya msiba wake mwenyewe, hapana. Nikarudi kukaa, na majani yakaendelea kuwa manjano.

Siku niliyotolewa eda walinivika kanga mpya, wakanisubiri nitoke nikasalimie watu. Nilitoka na ndoo. Nikavuka barabara mpaka kisimani, wanawake wakinitazama kama nimerukwa na akili, nikateka, nikarudi. Nililitilia tangi kidogo kidogo, leo kikombe, kesho vikombe, samaki waliobaki wasishtuke. Wifi alitazama ukutani.

Likaja jani jipya, kijani tupu, halina doa. Likafuata jingine. Nikamwita wifi aone. Akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Umepona," akasema. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Umepona," nikasema, "ila yale ya chini hayarudi. Jani lililokwisha kunyonywa halirudi. Tusipoyakata yataozea humo."

Nikachukua mkasi, nikaingiza mkono majini. Nilipolishika la kwanza wifi akasema taratibu, "Si ndiyo haya aliyoyaona yeye?"

Ndiyo. Ni hayo tu. Mapya yote yameota yeye hayupo.

Nikakata moja, nikakata la pili. Wifi aliyapokea kwenye kiganja, maji yakimtiririka mkononi. Lilipobaki moja akanishika. "Hilo liache, wifi."

Nililitaka kuliko yeye. Nikalikata.

Hodi ikapigwa, jirani akaingia na kuuliza kama wanavyouliza wote, unaendeleaje. Nilifungua mdomo niseme nipo tu.

"Naumia," nikasema. "Naumia sana, jamani."